Usukani Uliopewa Nguvu: Historia ya Hitilafu Moja, kutoka Waltham hadi Woodbury

Neno usukani lilikuwa baharini kabla ya kufika barabarani. Kwa mabaharia wa pwani, sukani au usukani ni ule ubao wa tezini unaoliongoza jahazi, na mkono wa kuushikia huitwa kana. Asili ya neno ni Kiarabu. Magari yalipofika Afrika Mashariki, Waswahili hawakutafuta neno jipya. Walilipandisha la zamani nchi kavu, nalo likakaa vizuri. Hata magari ya mwanzo yalifanana na mashua kwa jambo hilo. Oldsmobile ndogo iliyouzwa hapa Marekani kuanzia mwaka 1901 iliongozwa kwa mkono wa chuma uliopinda, si kwa gurudumu. Gurudumu la kuongozea lilikuwa limeshajaribiwa mwaka 1894, pale Alfred Vacheron alipolifunga kwenye gari lake la Panhard katika mashindano ya Paris hadi Rouen, lakini lilichukua miaka kuzoeleka.

Makala hii inafuata historia ya usukani wa nguvu, ule ambao mafundi wengi huuita pawa tu. Tunauliza maswali mawili. Ulitoka wapi? Na unapoharibika, mtu hujuaje kilichoharibika? Tumeyachagua kwa sababu ya mahali tunapoishi. Woodbury iko mashariki ya Saint Paul, penye barabara kuu za I-94 na I-494, na sensa ya 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya 75,000. Ni mji uliojengwa kwa kutegemea gari. Wazazi wetu wengi wanafanya kazi za zamu, wengine usiku, na gari likikataa mwezi wa Januari, mshahara nao unakataa. Kila majira ya baridi tunasikia sentensi ileile: “Usukani umekuwa mzito.” Kinachofuata mara nyingi ni bili ambayo mwenye gari hana njia ya kuipima.

Hoja yetu ni kwamba usukani wa nguvu umebadilika mara kadhaa, na kila mabadiliko yalihamisha mahali pa ugonjwa. Anayejua historia hiyo anajua pia pa kuanzia kutafuta.

Tatizo la uzito

Gari jepesi halihitaji msaada. Mikono ya mtu inatosha, hasa gari likiwa linatembea. Shida ilikuja na uzito. Baada ya mwaka 1910 malori yalikua, injini zikawa nzito, matairi yakawa mapana, na dereva wa lori aliyetaka kukata kona taratibu alipigana na usukani kwa mabega. Dawa iliyotumika kwanza ilikuwa kubadilisha uwiano wa gia za usukani: unazungusha mara nyingi zaidi ili kila mzunguko uwe mwepesi. Ilisaidia, lakini kona moja ilikula mizunguko mingi, na dereva aliyehitaji kukwepa kitu kwa haraka hakuwa na muda huo.

Kwenye meli tatizo hili lilikuwa limeshapata jibu. Great Eastern, meli kubwa mno iliyoshushwa majini Uingereza mwaka 1858, ilikuwa na usukani ambao watu wachache hawangeweza kuusogeza katika bahari chafu. Katika miaka ya 1860 mhandisi John McFarlane Gray aliiwekea mashine ya mvuke iliyofuata mkono wa nahodha: akizungusha kidogo, mashine inasukuma kidogo, akiacha, mashine inaacha. Wazo hilo ndilo kiini cha usukani wa nguvu mpaka leo. Mashine haiamui kitu. Inausikiliza mkono, kisha inauongezea nguvu.

Francis Davis na mafuta yanayozunguka

Aliyelipeleka wazo hilo kwenye gari kwa njia iliyodumu ni Francis W. Davis, mhandisi aliyefanya kazi upande wa malori katika kampuni ya Pierce-Arrow. Hapo aliona jinsi madereva walivyochoka. Aliacha kazi, akakodi karakana Waltham, Massachusetts, na kwa msaada wa fundi George Jessup akatengeneza usukani unaosaidiwa na mafuta yenye shinikizo. Mwaka 1926 gari lake la Pierce-Arrow lilikuwa likizunguka barabarani na usukani mwepesi, na wakubwa wa viwanda vya Detroit wakaja kuliona kwa macho yao.

Kikwazo kikubwa kilikuwa uvujaji. Mitambo ya mafuta ya siku hizo ilihifadhi shinikizo muda wote, na sili zilichoka haraka. Davis aligeuza utaratibu. Aliyaacha mafuta yazunguke bila kukazwa kupitia vali iliyo wazi katikati. Dereva akielekea upande mmoja, vali inabana njia moja, shinikizo linapanda papo hapo na kusukuma magurudumu upande huo. Akinyoosha, njia zinafunguka na shinikizo linashuka. Jambo hili tuliweke akilini, maana litatusaidia tukifika kwenye kelele za pampu.

Pamoja na uzuri wake, uvumbuzi huo ulingoja robo ya karne. General Motors waliingia mkataba na Davis, lakini mwaka 1934, uchumi ukiwa umeanguka na gharama zikionekana kubwa, waliuacha. Akahamia Bendix mwaka 1936. Vilipokuja Vita vya Pili vya Dunia, jeshi lilikuwa na magari mazito na halikuwa na muda wa kubishana juu ya gharama. Usukani wa nguvu ukawekwa kwenye magari ya deraya na ukathibitika vitani. Baada ya vita, Chrysler walijitokeza na Imperial ya mwaka 1951, gari la abiria la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na usukani wa nguvu, wakitumia mawazo ya hataza za Davis zilizokwisha muda wake. General Motors hawakutaka kuachwa nyuma. Walimrudia Davis, na mwaka 1952 Cadillac nazo zikawa na pawa.

Sisi wa Saint Paul na vitongoji vyake tuna sehemu yetu katika historia hii. Kiwanda cha Ford kilichokuwa Highland Park, kando ya Mto Mississippi, kilifunguliwa mwaka 1925, mwaka mmoja kabla ya Davis kuonyesha gari lake. Kilipofungwa Desemba 2011, kilikuwa kikitengeneza pikapu za Ford Ranger, na Ranger hizo bado zinaonekana barabarani kwetu, nyingi zikiwa na kutu mbavuni. Chini ya boneti zina ukoo wa Waltham: pampu, mkanda, mipira ya mafuta na vali.

Ugonjwa wa mafuta

Katika mfumo wa mafuta, injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu, na pampu husukuma mafuta kwenye reki au boksi la usukani. Kila kiungo cha mnyororo huo kina dalili yake, na fundi mzuri huanza na cha bei rahisi.

Kabla ya kugusa mafuta, pima upepo wa matairi. Hewa husinyaa kwenye baridi, na tairi hupoteza takriban pauni moja ya shinikizo kwa kila nyuzi 10 za Fahrenheit zinazoshuka. Tairi lililojazwa Julai kwenye nyuzi 80 litakuwa limepungukiwa na pauni nane hivi siku ya nyuzi sifuri. Tairi laini hulala barabarani na kuufanya usukani uwe mzito, ilhali pampu haina kosa.

Pili, angalia mafuta ya usukani kwenye tangi lake dogo. Yakiwa chini ya alama, yameenda mahali fulani. Mfumo huu haunywi mafuta kama injini. Yakiwa na povu, hewa imeingia. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, yamechoka. Usijaze mafuta yoyote yaliyo karibu: magari mengine yanataka mafuta mekundu ya gia za otomatiki, mengine yanataka aina yake maalumu, na kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Tatu, sikiliza. Mlio mkali ukikata kona, kama wa nguruwe mdogo, mara nyingi ni mkanda unaoteleza. Mngurumo au mlio wa kuomboleza unaopanda injini inapokimbia hutoka kwenye pampu yenye hewa au iliyolika. Hapa ndipo tunamkumbuka Davis: mafuta yanazunguka muda wote, lakini shinikizo hupanda unapokata kona, ndiyo maana pampu hulia hasa wakati huo. Usukani ukiwa mzito gari likisimama na mwepesi injini ikiongezwa moto, shuku pampu au mkanda. Ukiwa mzito upande mmoja tu, shuku vali au reki.

Nne, tafuta uvujaji. Tandika boksi la karatasi chini ya gari usiku, asubuhi utaona tone limeangukia wapi. Usipapase mpira wa mafuta kwa mkono injini ikiwa inawaka. Shinikizo linaweza kuzidi pauni 1,000 kwa inchi ya mraba, na mchirizi mwembamba wa mafuta unaweza kupenya ngozi. Minnesota ina adui wa ziada, chumvi ya barabarani. Hutupwa ili kuyeyusha barafu, kisha hukaa kwenye bomba za chuma za usukani na kuzila taratibu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bomba linalotoa jasho leo likiachwa, pampu itazunguka bila mafuta, itajisaga, na vumbi lake la chuma litasafiri hadi kwenye reki. Kazi ya bomba moja imekuwa kazi ya mfumo mzima.

Kama hakuna kinachovuja na mafuta ni mazima, inua magurudumu ya mbele kwa jeki, weka stendi imara, zima injini na uzungushe usukani. Ukikwama hata matairi yakiwa hewani, tatizo huenda liko kwenye boli jointi au viungo vingine vya chuma. Njia hiyohiyo hutoa hewa baada ya matengenezo: matairi yakiwa juu na injini imezimwa, unazungusha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara nyingi, ukiongeza mafuta, mpaka mapovu yaishe.

Asubuhi ya baridi kali inahitaji subira. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul kilishuka hadi nyuzi 28 chini ya sifuri za Fahrenheit, yaani karibu 33 chini ya sifuri za Selsiasi. Mafuta hapo huwa mazito kama asali. Pampu ikilia dakika za kwanza kisha ikanyamaza, baridi inasema. Ikiendelea kulia gari likiwa limepata moto, kuna hitilafu.

Sikio la fundi

Afrika Mashariki ilichelewa kupata pawa, na ilijenga ustadi wake bila hiyo. Joginder Singh aliposhinda Safari Rally mwaka 1965, alikuwa na Volvo PV544 isiyokuwa na usukani wa nguvu, na maelfu ya kilomita za matope na mawe zilipita mikononi mwake. Land Rover za zamani nazo ziliongozwa kwa misuli.

Pawa ilienea pamoja na magari yaliyotumika kutoka Japani. Kenya, Tanzania na Uganda huendesha kushoto kama Japani, hivyo gari lililoshuka Mombasa au Dar es Salaam lilikuwa tayari kwa barabara. Mashariki ya Kongo watu huendesha kulia, lakini magari mengi yenye usukani wa kulia yanaonekana huko pia, na dereva analazimika kuchungulia akitaka kupita lori.

Magari hayo yalitibiwa na mafundi wa jua kali, watu ambao uchumi rasmi haukuwahesabu mpaka ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ilipoufanya ulimwengu uizungumzie “sekta isiyo rasmi”. Kirinyaga Road mjini Nairobi, Gerezani Dar es Salaam na soko la Kisekka Kampala ni vyuo vya aina yake. Mwanafunzi hujifunza kwa kushika spana na kusikiliza. Pampu haitupwi, hufunguliwa, sili hubadilishwa, hufungwa tena. Mfumo wa Davis ulimfaa sana fundi huyu, kwa sababu ugonjwa wake unasikika, unaonekana na unanusika.

Umeme unachukua nafasi

Mwaka 1988 Suzuki waliuza Japani gari dogo, Cervo, lenye usukani unaosaidiwa na mota ya umeme. Hakuna pampu, hakuna mkanda wa pampu, hakuna mafuta. Sensa hupima mkono unasukuma kwa nguvu kiasi gani, kompyuta hupiga hesabu, mota husaidia. Toyota Prius ya 1997 na Honda Fit ya 2001 zilikuwa na mfumo wa namna hiyo, na leo magari mengi mapya yanao. Sababu kubwa ni mafuta ya petroli: pampu ya zamani iliinyonya injini hata gari likienda moja kwa moja, lakini mota hula umeme inapohitajika tu. Pia mota ndiyo inayowezesha gari kujiegesha na kujirudisha kwenye mstari wake.

Kwa sheria ya Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likiwa na zaidi ya miaka minane. Hivyo teknolojia ya Japani hufika Nairobi kwa kuchelewa, lakini hufika. Fundi wa Kirinyaga Road naye sasa ana mashine ndogo ya kusomea kompyuta ya gari.

Ugonjwa umehama, lakini kanuni ya kuanza na rahisi haikuhama. Mota ya usukani hutaka umeme mwingi kwa ghafla, makumi ya ampea. Betri ikichoka, au altaneta ikizalisha kidogo, volti hushuka, kompyuta hujilinda kwa kupunguza au kukata msaada, na taa ya usukani huwaka kwenye dashibodi. Kwa hiyo pima betri kwanza, kisha vichwa vya betri, waya wa athi na fyuzi. Baada ya hapo ndipo usome namba za makosa. Kumbuka pia kwamba namba inasema ni sakiti ipi imelalamika. Haisemi lazima kifaa hicho kimekufa.

Mama wa mwanachama mmoja alijifunza hilo kwa shida. Alikuwa akirudi kutoka zamu ya usiku, taa ikawaka, usukani ukakaza kwenye kona ya kuingia mtaani kwao. Gereji moja ilisoma namba na kumwambia reki nzima ibadilishwe, kwa bei iliyozidi mshahara wake wa mwezi. Mjomba wake, aliyekuwa fundi Morogoro kabla ya kuhamia hapa, aliomba dakika kumi. Kichwa cha betri kilikuwa kimeota unga mweupe na kulegea. Alikisafisha, akakikaza, akafuta namba. Taa haikurudi. Hatusemi kila taa ni kichwa cha betri. Tunasema swali la betri lilipaswa kuulizwa kabla ya swali la reki.

Nani ana ruhusa ya kutengeneza?

Kuna hitilafu ambazo mwenye gari hapaswi kuzilipia kabisa. Mwishoni mwa Machi 2014 General Motors waliita nyumbani magari takriban milioni 1.3 hapa Marekani kwa sababu msaada wa usukani wa umeme ungeweza kukatika ghafla. Hitilafu ya namna hiyo, ikishatangazwa, hurekebishwa bure. Ukiingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya serikali kuu, NHTSA, utajua kama gari lako limeitwa. Wazee wetu wengi wamenunua magari ya mkono wa pili, na barua za mtengenezaji huenda bado zinakwenda kwa mwenye gari wa zamani.

Swali gumu zaidi ni la programu. Ukibadilisha reki ya umeme, mara nyingi lazima kompyuta ifundishwe upya mahali katikati palipo, na kazi hiyo huhitaji programu ya mtengenezaji. Tangu mwaka 1996 magari yote mapya ya abiria Marekani yana tundu la kawaida la kusomea makosa, lakini tundu hilo halifungui milango yote. Massachusetts, jimbo lilelile la karakana ya Davis, lilipitisha haki ya kutengeneza magari mwaka 2012, na mwaka 2014 watengenezaji wakakubali masharti kama hayo kwa nchi nzima. Minnesota ilipitisha sheria yake ya haki ya kutengeneza vifaa vya kielektroniki mwaka 2023, ikaanza kutumika Julai 2024. Ni sheria nzuri kwa mwenye simu au kompyuta. Magari, hata hivyo, yameachwa nje yake.

Hapa ndipo historia inakuwa ya sasa. Mjomba wa Morogoro bado ana sikio na bado ana mpangilio wa kufikiri, lakini mlango wa mwisho una kufuli ya programu. Akizuiwa hapo, si kwa sababu hajui.

Hitimisho

Katika miaka mia moja, usukani wa nguvu umetoka kwenye mafuta hadi kwenye umeme, na ugonjwa wake umetoka kwenye mkanda na sili hadi kwenye volti na sensa. Jambo moja halijabadilika: katika magari mengi yaliyopo barabarani, chuma bado kinaunganisha mikono na magurudumu. Msaada ukikatika kwenye I-94, gari bado linageuka. Shika kwa mikono miwili, usizime injini, punguza mwendo, washa taa za hatari, sogea pembeni. Usukani mzito si usukani uliokufa.

Tumegundua pia kwamba sisi vijana tunaweza kumtafsiria mzazi barua ya benki, lakini kaunta ya gereji inatushinda, kwa sababu hatuna maneno: sili, mkanda, boli jointi, altaneta. Wengine wetu tuliposikia stelingi tulidhani ni shujaa wa filamu, kama wasemavyo Tanzania, kumbe fundi alimaanisha usukani. Maneno haya hayamo sana katika vitabu vyetu vya darasani. Yamo vinywani mwa watu wanaokula nasi mezani. Tunaomba kila mwanachama, kabla theluji haijaanguka, amwombe mtu mzima mmoja amwonyeshe tangi la mafuta ya usukani au vichwa vya betri, kwa Kiswahili, na aandike majina anayoyasikia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini uhunzi unahitaji wa kuurithi.